Chai ya Ndege wa Alief

Harufu ya tangawizi ikichemka ndani ya maziwa hunirudisha Alief, Houston, kwenye nyumba tuliyopanga mimi na Mama nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa muuguzi. Baba alikuwa bado Nakuru akisubiri viza, na mimi nilikuwa na maneno mengi na marafiki wachache. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameacha chupa nyekundu ya kunyweshea ndege, ikining'inia nyuma ya nyumba. Joto lilipoanza kupungua, wakaja ndege wadogo kama kidole gumba, wakivuma kama cherehani. Vitabuni wanaitwa ndege wavumaji. Walisimama hewani, wakarudi kinyumenyume, wakatoweka.

Nilimsimulia Baba kwenye simu, akacheka sana. "Ndege anapiga rivasi? Mami, Amerika imekufundisha uongo mapema hivi?" Alikuwa akitania tu, lakini maneno yale yalinichoma. Simu zetu zilikuwa fupi, na kwa Baba mimi nilikuwa sauti tu. Kama hakuiamini hiyo sauti, alibaki na binti gani?

Nikaamua kumtumia picha. Mama alinipa kamera yake ya filamu, lakini chupa ilikuwa tupu na ndege hawakukawia pale. Mwalimu wangu alisema wawekewe maji na sukari, basi. Mama alikataa katakata. "Mgeni umpe maji ya sukari? Wakirudi kwao watasema nini kuhusu sisi?" Akapika chai kamili, maziwa na tangawizi, akaipoza kwa kuimiminamimina kati ya vikombe viwili, akaijaza kwenye chupa. Ndege wa kwanza alionja, akarudi nyuma, akatutazama kama mkaguzi wa afya. Sisimizi wakafanya harambee. Kufikia jioni maziwa yalikuwa yameganda, naye Mama akasema, "Labda nilibania sukari."

Siku iliyofuata alikubali yaishe. Aliweka maji ya sukari kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa na wageni hajapika, na ndege wakaja wakigombana. Nilipiga filamu nzima. Picha zilipotoka kusafishwa, nilikuwa na picha za chupa, picha za anga, na moja nzuri ya kiwiko cha Mama. Katika picha moja palikuwa na ukungu wa kijani kando ya chupa, ambao ungeweza kuwa ndege au kucha yangu. Nikauchorea mshale kwa kalamu, tukaituma.

Wiki kadhaa baadaye Baba akapiga simu. "Mami, nimemwona! Amesimama hewani wima kama askari. Nimewaonyesha watu wote kazini." Tangu siku hiyo nilimweleza kila kitu, hata yale ya shuleni niliyokuwa nimeyaficha.

Viza ilitoka. Msimu uliofuata Baba alikuwa ameketi nasi nyuma ya nyumba, kikombe mkononi, ndege mmoja akaja akasimama hewani mbele ya pua yake. Baba aliruka, chai ikamwagikia suruali. "Wee! Kumbe ni kweli!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikawia kuelewa kwamba kwenye ile picha hakuwa ameona ndege yeyote. Nilipoelewa, sikukasirika, bado namshukuru.

Sasa naishi nje kidogo ya Dallas, na simu yangu humnasa ndege huyo mpaka ulimi wake unaonekana. Nazituma picha hizo kwa jamaa zangu, nao hunijibu kwa kidole gumba. Hakuna anayebisha, wala hakuna anayeuliza lolote. Juzi binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliingia mbio akisema amemwona ndege mvumaji mweupe pee kwenye chupa yetu nje. Hakuwa na picha. Mimi mwenye shahada mbili, na tabia ya kudai ushahidi hata wa hali ya hewa, nilikwisha kufungua kinywa. Nikakifunga. Kisha nikavuta kiti, nikamuuliza, "Alikunywa?"