Geti la Bluu Halikuwa Bwaise

Mpango wa ile tovuti niliuandika mimi. Siku nne, mtoto kwenye titi, daftari juu ya goti. Nafuma sweta za shule kwa mashine hapa mtaani Kyebando, na mwalimu mkuu wa chekechea moja alikuwa amenipigia: "Nitumie tovuti yako. Ijumaa nitakuja kuona kazi." Sweta za shule nzima! Tovuti sikuwa nayo. Nilikuwa na daftari.

Ukurasa wa kwanza, picha ya sweta, shingo ionekane, maana wazazi hulalamikia shingo. Wa pili, rangi na saizi. Wa tatu, namba ya simu, kubwa. Wa nne niliuandika kwa kalamu nyekundu: njia ya kufika. Kwetu nyumba hazina namba. Shuka kwenye stage ya bodaboda, pita kinu cha mahindi, kata kushoto msikitini, geti la bluu.

Mdogo wa mume wangu ndiye fundi wa tovuti. Alisoma daftari akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, kinu cha mahindi kwenye intaneti? Unataka kuniua?"

"Weka kama nilivyoandika."

"Siku hizi watu wanafuata ramani. Wewe tulia, nyonyesha."

Nyonyesha! Na mimi mjinga nikatulia.

Alhamisi akaniletea kazi kwenye simu. Pichani mtoto wa kizungu anacheka, hata sweta hajavaa. Nikauliza ukurasa wa nne uko wapi. Akagusa ramani: "Hiyo nukta. Haikosei." Mtoto wangu alikuwa analia, sikuikagua. Hilo ni kosa langu, na sitaki mtu anifariji.

Ijumaa nilipiga sweta pasi, nikakaa getini kuanzia saa tatu. Saa saba simu ikalia, mwalimu mkuu.

"Nyabo, mama, niko Bwaise, nimesimama kwenye maji ya mtaro. Kiatu kimoja kimeenda. Nimegonga mlango, katoka mwanaume na taulo, anasema yeye ni fundi wa kompyuta."

Bwaise ni mtaa mwingine kabisa, ndiko anakokaa shemeji. Alijenga tovuti yangu akiwa amelala kitandani kwake, akabonyeza "mahali nilipo," akaenda kula.

Nikaanza kumweleza mwalimu: kinu, msikiti, geti. Akanikatiza.

"Kama kukufikia ni hivi, sweta zitanifikiaje?"

Kazi yote ikaenda kwa fundi wa sweta wa Kalerwe.

Jioni shemeji akaja na soda. "Ni kanukta tu, shemeji. Dakika moja nakahamisha."

Soda nikaiacha hapohapo. Nikampa daftari jingine, tupu, na kalamu.

"Kompyuta huigusi. Nenda stage, uje kwa miguu kama mgeni, uandike kila unachopita mpaka hapa."

"Lakini njia naijua!"

"Ndiyo maana hujawahi kuiandika."

Alipogonga, sikufungua. Nilipokea daftari kwa upenyo wa geti, nikasoma nimesimama. Msikiti upo. Geti lipo. Kinu hakipo.

Nikalirudisha kwa upenyo uleule. "Anza tena."