Siku Benchi Zima Lilipotoka Kegonga

Sijawahi kukanyaga Kegonga, lakini Kegonga ndiyo iliyoniokoa mimi na mtoto wangu.

Tulia nikupe.

Ilikuwa 1997, kabla ya uchaguzi. Mji wa Migori ulikuwa moto. Wanasiasa walipiga kelele mikutanoni kwamba Watanzania wamevuka kuja kupiga kura, na askari wakaanza kudai kipande, yaani kitambulisho, kila kona.

Mimi ni Bhoke, Mkuria wa Tarime, ng'ambo ile ya Tanzania. Mume wangu Zadock ni Mjaluo, fundi wa baiskeli hapo Migori. Kipande sikuwa nacho. Tumbo la miezi saba nilikuwa nalo, tena kubwa ajabu.

Uvumi ulisema afande mmoja anavizia kliniki, na mgeni akipatikana anapandishwa gari hadi mpakani. Basi kliniki nikaikwepa tangu mwanzo.

Kisha miguu ikavimba. Kichwa kikagonga, macho yakaona vimulimuli. Mimba yangu ya kwanza ilianza hivyo hivyo, na niliipoteza.

Niliogopa, jamani. Hiyo niliiogopa kuliko gari la polisi.

"Enda," Zadock akaniambia. "Ukiulizwa, sema wewe ni wa Kegonga. Ni Kenya hii hii, na Wakuria wamejaa huko. Lakini usiongee mingi."

"Kwa nini?"

"Kiswahili yako iko na adabu sana. Nani hapa Migori husema 'naomba'?"

Nikaenda, mdomo nimeufunga.

Kwenye benchi nikakaa kando ya mama mmoja mwenye tumbo kama langu. Jina lake Robi. Kumbe Mkuria! Na sisi Wakuria salamu haiishii kwenye "habari". Lazima ujue mtu ni wa wapi, ukoo gani, na nani alimzaa nani.

"Kwenu ni wapi, dada?"

"Kegonga."

Akashtuka. "Hata mimi!"

Nimekwisha, nikajiambia.

"Kegonga upande gani?" akauliza, jasho likimtoka.

"Karibu na soko."

"Aa, lile soko la Jumanne."

"La Ijumaa," nikasema. Sijui kwa nini. Ubishi tu.

"Ndiyo, ndiyo, Ijumaa."

Ngoja. Mtu wa Kegonga abadilishiwe siku ya soko na akubali?

Nikamtazama. Akanitazama.

"Dada," nikanong'ona, "mimi ni wa Tarime."

Akajiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. "Na mimi Sirari, ng'ambo hiyo hiyo!"

Tulicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Mara mlango ukafunguka. Afande! Kicheko kikakauka.

"Wewe, unatoka wapi?"

"Kegonga," nikasema.

Akamgeukia Hodan, mke wa mwenye duka la vitambaa, Msomali aliyekimbia vita Mogadishu. Buibui hadi vidoleni.

"Na wewe?"

Hodan akajibu, "Kegonga."

"Kegonga?!"

Nani angejizuia? Benchi zima lililipuka kwa kicheko.

Afande akavimba. Akapiga hatua moja, akamwona Robi, akaganda.

"Mimi pia ni wa Kegonga, afande," Robi akasema polepole. "Ama umesahau ng'ombe ulipeleka wapi?"

Kumbe ni mumewe!

Ng'ombe wake wote wa mahari walivuka mpaka kwenda Sirari, na yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kusema Kegonga. Akinishika mimi, lazima ampandishe garini mkewe na mtoto wake tumboni.

Akakohoa.

"Sista, hawa ni watu ya Kegonga. Wapime."

Sista Jerusha akanipima, uso ukabadilika. Presha ilikuwa juu mno.

"Nyathina, mwanangu, ungengoja kidogo tungekuzika. Hospitali ya Homa Bay, sasa hivi!"

Usafiri haukuwepo, isipokuwa mmoja tu. Ndiyo, nilipanda gari la polisi! Afande mwenyewe alishika usukani, Robi kando yangu akiimba, na tukaelekea Homa Bay, si mpakani.

Nikajifungua msichana, mzima kabisa. Zadock alimpa jina la nyanya yake, lakini mtaani mpaka leo ni Nyar Kegonga, binti wa Kegonga.

Wakubwa, mama mjamzito muulizeni anaumwa wapi kabla hamjamuuliza anatoka wapi.

Na tafadhali, anayejua siku ya soko Kegonga aniambie. Mimi na Robi bado tunabishana.