Kimya Changu Si Ndiyo

Mie mdomo huu nimeupata ukubwani. Wajukuu wanaponisikia nabishana na kila mtu hudhani nilizaliwa hivi. Thubutu! Usichanani nilikuwa mkimya, na kimya chenyewe nusura kinioze kwa mume nisiyemtaka.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza. Vita kubwa ya pili imekwisha, lakini sukari bado ya shida. Akaja kuniposa mzee mmoja mwenye shamba la minazi huko Kipawa, rika la baba, na wake wawili tayari. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Ila sikumtaka, basi.

Kwetu mwali hakuulizwa na babake ana kwa ana. Alitumwa somo, yule mama aliyemfunda alipovunja ungo. Na kila mtu alijua utaratibu: mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali, haya tu ndizo zimemziba mdomo. Somo wangu alinikuta uani nimekalia mbuzi nakuna nazi, akaniuliza. Hasira zilinikaba hata ulimi ukawa mzito. Nikainama nikakuna, nikakuna mpaka nazi ikaisha na unga wa kifuu ukaanza kudondoka kwenye sinia. Somo akaenda kwa baba akamwambia nimekubali, tena kwa furaha niliyo nayo nimeharibu na nazi.

Jioni ile nililia. Wakasema mwali gani asiyelia, anaagana na kwao. Nikasusa chakula, wakasema ni haya. Kesho yake nikacheka peke yangu kwa jinsi mambo yalivyonizidi, wakaambiana kwamba mnaona, moyo umetulia. Kila nilichofanya kilikuta maana yake imekwisha kaa inakingoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza mambo ambayo sikufundishwa na mtu. Kukataa kwangu nilikuwa nako kifuani, nakujua kama mtu anavyojua njaa yake. Lakini kukitoka nje, wao wanapokea kukubali. Sasa kimya kile kilikuwa cha nani, changu niliyekaa nacho, au chao waliokisikia? Wazee hupenda kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sawa. Mbona zangu walikuwa wananisukia wao?

Simlaumu aliyeweka utaratibu ule. Aliwaonea huruma wasichana wenye haya, asiwalazimishe kutamka mbele ya watu. Lakini dawa ya mwenye haya walininywesha mie mwenye hasira.

Siku ya ndoa ikafika. Wanaume wamejaa barazani na shehe, wanawake wamejaa ndani, mie chumbani nimefunikwa kanga na hina haijakauka vizuri. Shehe alikuwa mtu mwangalifu. Kabla ya kufunga ndoa akataka niulizwe tena, na ishara ya jibu ilikuwa vigelegele: vikisikika barazani, mwali karidhia. Somo akaingia, akainama, akaniuliza. Nikavuta pumzi nimjibu. Hakungoja. Akainua kichwa akapiga kigelegele, na nyumba nzima ikampokea.

Ndiyo yangu ilikuwa imekwisha toka nje na mie simo ndani yake. Wangeweza kuniweka gunia la mchele pale chini ya kanga, na ndoa ikafungwa vilevile.

Nikasimama. Nikaitupa ile kanga, nikawapita wanawake mpaka mlango wa barazani, na vigelegele vikafa kimoja kimoja nyuma yangu. Shehe akainamisha macho. Nikasema:

"Shikamooni. Nilinyamaza kwa kuwa sitaki. Nililia kwa kuwa sitaki. Leo nasema kwa kinywa changu, asinisemee mtu: sitaki."

Shehe akamgeukia baba akamwambia kwa upole kuwa hapa hapana ndoa. Yule mzee wa Kipawa akavaa kofia yake akaaga kistaarabu, na hilo namsifu mpaka leo. Pilau ililiwa, maana ilikwisha iva, ila hakuna aliyesifia.

Baba akanuna. Nikimwamkia, haitikii. Somo akaja kuniambia babangu ananilaani kimoyomoyo. Mama akasema ni aibu tu, itamwisha. Jirani akaninong'oneza kwamba kwa siri anajivunia binti jasiri. Kila mmoja alikuja na tafsiri yake, na biashara hiyo mie nilikwisha ijua, sikununua kwa yeyote. Nikamfuata baba mwenyewe, alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Nikamwambia watu wananisomea kimya chake kila mmoja kivyake, mie nataka kukisikia kwake.

Akaliweka jembe chini. "Umenivunjia heshima mbele za watu," akasema, "na sijakusamehe."

Iliniuma, sifichi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, kumbe sikujiandaa kwa hilo. Machozi yakanitoka mbele yake na sikuyafuta. Akanitazama, uso umekunjana kwa hasira zake, kisha akaniuliza, "Unalia nini?"

Katika mambo yote yale, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikaketi chini nikamweleza, na sikupunguza neno.