Maziwa ya Getini Dundori

Nani huacha maziwa getini bila mlinzi? Nimetoka Singida kuja Kenya kufundisha kwa kujitolea, na juzi nikahamishiwa Dundori kutoka Nakuru mjini. Asubuhi ya kwanza nikakuta kidumu cha maziwa getini. Nikasema, hapa mgeni anapokelewa! Nikapika chai, mengine nikagandisha mtindi, kidumu nikakiosha nikakirudisha. Kesho yake vilevile. Leo, patupu! Mgeni hachokwi upesi hivyo. Nikamfuata mwenye nyumba, Mama Wambui, nikamkuta akimfokea dereva wa gari linalopitia maziwa ya wakulima.

"Mama, maziwa yangu ya leo yako wapi?"

Akamgeukia dereva.

"Boss, pole sana. Mwizi amejileta, na bado anadai ya leo."