Ukuta wa Moyo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na presha tangu kabla sijaolewa, na kila asubuhi alimeza vidonge vyake baada ya uji. Mimi ndiye niliyemwachisha. Wakati ule nilikuwa nauza unga wa majani ya mlonge sokoni Handeni, na wateja niliwaambia unashusha presha kuliko dawa za hospitali. Nilipokwenda kumsalimia nyumbani kwake Masuguru, mjini Korogwe, nikampelekea pakiti mbili. Akaniuliza kama aviache vidonge. Nikamwambia aviache tu, vinachosha mwili. Sikujua nilichokuwa nasema, ila nilikisema kama mtu anayejua.

Haukupita mwaka, akawa hawezi kupanda ngazi tatu za mlangoni bila kusimama kupumua. Nikampeleka hospitali, hapo hapo Korogwe. Daktari, binti mdogo, alimwamkia, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akampaka mafuta ya baridi kifuani na kupitisha kifaa chake taratibu. Hakumchoma sindano wala kumpasua. Moyo ukaonekana kwenye skrini, ukijikunja na kujikunjua. Akatuonyesha ukuta wake ulivyonenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu muda mrefu. Presha ilikuwa imeachwa itambe, alisema.

"Bibi, dawa ulikuwa unameza?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kichwa chake. Mkobani mwangu mlikuwa na pakiti za mlonge za wateja wa pale mjini.

"Nilikuwa nasahau, mjukuu wangu," mama mkwe akasema. "Uzee huu."

Daktari akamsema kwa upole, kisha akanigeukia mimi na kunitaka nimsimamie. Nikaitikia, tena kwa adabu.

Tulipofika nje nilianza kujieleza. Akanikatisha.

"Yaache, mwanangu. Mumeo mwambie nilisahau."

Dawa alizirudia, na sasa anapanda ngazi zake bila kusimama, ingawa kipimo cha pili kilionyesha ukuta uko vilevile. Mlonge niliuacha, lakini si siku ile. Niliuza mpaka gunia lililobaki likaisha, na walioniuliza habari za presha niliwajibu kwa sauti ndogo kwamba wakamuulize daktari.

Mume wangu hadi leo humlaumu mama yake kwa kusahau dawa. Humlaumu mbele yangu, nami naendelea kuchambua mchicha.