Jioni Zumari la Mfuko Lilipoingia Malipenga

Enzi zetu pale Matema, kijijini kwetu kando ya ziwa, hakuna mtoto aliyefagia utando wa buibui ovyo. Ukiuona kwenye kona ya nyumba unaubandua taratibu kwa kijiti, unampelekea Tata. Tata, baba yangu, alikuwa kapteni wa kikundi cha malipenga, ile ngoma ya vibuyu vya kupuliza, na kila kibuyu kilitobolewa tundu likazibwa kwa utando huo ili sauti itetemeke. Mama hakuchoka kulalamika: "Wenzangu wanafuga kuku, mimi nimeolewa nije kufuga buibui!"

Jumamosi jioni wanaume walitoka ziwani, wakaoga, wakavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Mtu aliyenuka samaki mchana kutwa, sasa askari mtupu! Tata akipuliza filimbi wanapiga hatua. Akipuliza tena wanakata sauti wote kwa mpigo, kama mlango umefungwa. Kukata huko ndiko kulikotupa sifa.

Basi Mwaya, kijiji jirani, wakaja kushindana nasi. Uwanja ulifurika, ndizi za kuchoma zikanukia kila upande. Naye Anyosisye, mpulizaji wa kibuyu kikubwa kinachounguruma chini ya sauti zote, kwa furaha ya kumwona shemeji yake akaketi bila kutazama. Kraa!

Tata akashika kichwa. "Anyosisye! Umeyakalia mashindano yetu!"

Wiki hiyo nyumba ya wageni ilikuwa na mzee mmoja Mskoti, tukimwita Babu Joni, ambaye kila jioni alikuja kutazama mazoezi ya mashindano. Alipoona kibuyu kimepasuka akamwambia Tata, "Kapteni, mimi iko yangu," akatoka mbio. Alirudi amekumbatia mfuko uliochomoza vijiti na filimbi kila upande.

"Huyo mbuzi kachinjwa lini?" Bibi yangu akauliza kwa sauti.

Babu Joni akaupachika kwapani, akapuliza, akaubana. Ukalia! Mbwa wakakimbia, watoto wachanga wakaamka, na Bibi akapiga kelele: "Mwachie, mwachie, hajafa bado!"

Lakini chini ya kilio kile kulikuwa na mngurumo ule ule tuliokuwa tumeupoteza. Tata aliusikia, akatabasamu. Kapteni wa Mwaya akaja juu: "Huyo si mtu wa hapa!"

"Wiki nzima anakula ugali na mbasa, samaki wa ziwa letu," Tata akamjibu. "Wa wapi tena?"

Wakaanza. Jamani, sijasikia tena kitu kama kile. Vibuyu vikiita, zumari likiitikia, vumbi juu, na Bibi yule yule akainuka na fimbo yake akacheza. Wageni wa Mwaya wenyewe walianza kutikisa mabega wakijifanya wanajikuna. Tukajua tumeshinda.

Tata akapuliza filimbi ya mwisho. Vibuyu vikanyamaza kwa mpigo. Mfuko haukunyamaza. Babu Joni alikuwa ameshatoa mdomo, amesimama wima kama mlingoti, lakini hewa iliyobaki ndani iliendelea kujitokea yenyewe: mwiii... mwiii... kama ndama aliyeachwa na mama yake. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mwamuzi, mwalimu wetu wa shule, akijifuta machozi, akawapa Mwaya ushindi.

Tata alinuna, mashavu yakamvimba. Babu Joni akamfuata, kofia mkononi. "Pole, kapteni."

Tata akamtazama yeye, akautazama mfuko, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Ndaga fijo," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Wameshinda wao, lakini tutakaosimuliwa ni sisi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Hata Mwaya kwenyewe walisimulia mfuko, siyo ushindi wao.

Juzijuzi nilirudi Matema kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Spika zilikuwa kubwa kama kabati, huwezi hata kumsikia unayemkanyaga. Ghafla umeme ukakatika. Vijana wetu hawa, wajuzi wa kila kitu, wakasimama wameduwaa, kila mmoja anapapasa simu yake. Mimi na dada yangu tukakunja viganja mdomoni, tukaanza kuunguruma nyimbo za Tata. Wakatumulika tochi, wakaturekodi, wakapiga vigelegele: "Shangazi, mmetisha!"

Nikangoja angalau mmoja aniulize sauti ile hutolewaje. Umeme ukawahi kurudi.