Niliapa Nimeuona Mguu wa Shemeji Ukivuka Mstari

Bwana mwenye gazeti, jina langu usilitie. Litie kosa langu tu, na ulitie lote, maana mimi ni mpumbavu, tena wa aina mbaya kuliko zote: mpumbavu ambaye watu humwita mwenye akili.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Dodoma. Cherehani yangu iko barazani, si mbali na stesheni, na baraza hiyo ndiyo iliyoniharibu. Watu huja na kaniki ya kupigwa pindo, wakakaa, wakanywa kahawa ya Hamisi, wakazungumza. Wakizungumza hubishana, na wakibishana mimi ndiye ninayetoa hukumu. Nguo huwa naikosea mara mojamoja, lakini maneno, loo! Maneno nilikuwa nayakata sawasawa, hata ya mambo nisiyoyajua. Hayo hasa.

Mabishano yaliyoniangamiza yalikuwa ya mchezo. Ngoja nikueleze, huenda kwenu haujafika. Reli ilipofika hapa alikuwako msimamizi mmoja Mgiriki, tukimwita Bwana Mataruma, kwa kuwa hakuwa na jingine la kuzungumza ila mataruma ya kulazia reli. Kabla ya kuja huku alitandika reli Amerika, na huko aliona watu wakicheza mpira usiopigwa teke. Unakumbatiwa! Basi siku za Jumapili akawa anawapanga wafanyakazi safu mbili, zinatazamana uso kwa uso, katikati mstari wa chokaa. Upande mmoja una mfuko wa ngozi ya mbuzi uliojazwa manyoya, unataka kupenya nao. Upande wa pili unazuia. Filimbi ikilia wanagongana kama mafahali. Kabla haijalia, mzuiaji asivuke mstari. Akivuka, ametangulia, na adhabu yake ni safu yake kurudishwa nyuma na wenye mfuko kupewa ardhi ya bure.

Basi, ndiyo hayo tu. Mtoto mdogo angeelewa. Lakini mpe mtu wa barazani jambo ambalo mtoto analielewa, uone atakavyolichafua.

Bwana Mataruma alikwenda zake na reli kuelekea Tabora. Mchezo alituachia, wa kutuamulia hakutuachia, na hapo wenye akili tukazuka. Je, kidole kikivuka na kisigino kikabaki? Je, mzuiaji akivuka akawahi kurudi? Je, mwenye mfuko akitikisa bega kwa hila, mzuiaji akaruka, nani mwenye kosa? Tuligombania hayo mpaka kahawa ikapoa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama kwenye safu! Hamisi muuza kahawa ana goti bovu. Mimi nikivuka njia kwa haraka natafuta mahali pa kukaa. Hao ndio walikuwa mahakimu.

Aliyesimama katikati ya safu ya mjini alikuwa Ndahani, kaka wa mke wangu. Mgogo wa upande wa Mvumi, mpana wa kifua, mpole wa kinywa. Alikuja kuuza ng'ombe, watu wakamwona maungo yake, wakamwomba acheze. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini adabu yake, jamani! Mimi nimemwoa dada yake, na kwao mtu hambishii mkwewe mbele za watu. Akinikuta barazani husimama pembeni. "Mbukwa, shemeji," hunisalimu kwa Kigogo, na hakai mpaka nimwambie akae. Mimi nilidhani anaziheshimu akili zangu. Nilidhani hivyo kwa dhati, na nikawa nawatazama wenzangu ili nao waone.

Jumapili moja mjini walicheza na kambi ya reli. Kambi ndio waliokuwa na mfuko, wamebakiza kidogo tu wapenye. Filimbi alikuwa nayo ombasha mmoja wa askari wa bomani. Ikalia, vumbi likapanda, na lilipotulia Ndahani amemlalia mwenye mfuko, mfuko uko chini, mjini tumeshinda. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mtu mwenye akili timamu angeshangilia, akaenda kwake kula. Mimi nikainua kidole nikasema, "Ametangulia."

"Nani katangulia?" Hamisi akauliza.

"Shemeji yangu. Filimbi imemkuta ng'ambo ya mstari."

"Fundi, acha hayo. Filimbi na mguu vimekwenda pamoja. Mimi nilikuwa natazama."

"Ulikuwa unatazama birika lako."

"Na wewe? Wewe hata toroli hujasukuma tangu uzaliwe!"

Watu wakacheka. Wakacheka mpaka watu wa kambi, walioshindwa, nao wakapata kitu cha kuchekea. Kicheko hicho ndicho kilichoniingia. Ningekuwa mtu, ningecheka nao.

Siku zilizofuata sikushona kitu cha maana. Kila aliyeleta kanzu nilimsimamisha nikampa habari ya mguu wa Ndahani: ulivyoinuka, ulivyokwenda, ulivyotua. Kila nilipousimulia, mguu ulizidi kuvuka. Lakini Hamisi hakunyamaza, na watu, mmoja mmoja, wakamwamini yeye. Wakaanza kuniambia, "Fundi, safari hii umeshindwa." Mimi, nishindwe na mtu wa birika! Nikasimama nikasema mbele yao wote, "Basi twende shaurini!"

Mnaijua siku ya shauri. Bwana Mkubwa wa Kidachi hukaa bomani, na watu humpelekea kila kitu: mbuzi aliyekula mtama, mke aliyekimbia, mpaka wa shamba. Hapa kwetu imekuwa ugonjwa. Watu wawili hawawezi kukwaruzana kisimani bila kupanda bomani wakasikilizwe na Mdachi. Nilikuwa nikiwacheka sana watu hao.

Mke wangu aliniambia asubuhi ile, "Bwana, huo ni mchezo tu. Bomani hawachezi."

Nikamjibu kwamba wanawake hawajui kanuni. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, nikachukua chaki yangu na futi yangu, nikatoka.

Ee Mungu, ningeweza kujiona siku ile! Nilipiga mstari wa chaki kwenye sakafu ya boma. Nikasimama huku nikawa mzuiaji, nikasimama kule nikawa mwenye mfuko. Bwana Mkubwa alicheka hata akajifuta macho, nami nikafurahi, nikijiona mcheshi. Hakuwa anacheka maneno yangu. Alikuwa anamcheka fundi mwenye kitambi anayerukaruka mbele ya meza yake.

Kisha akauliza, "Filimbi ilikuwa ya nani?"

Ombasha akakaza mgongo. "Ya serikali, bwana."

Kicheko kikaisha pale pale. Bwana Mkubwa akamtazama ombasha. "Mtu hakungoja filimbi ya serikali, na wewe ulikuwapo, ukanyamaza?"

Huyo naye! Jumapili hakuona kosa lolote, angeliona angelisema. Lakini mbele ya meza ile akaona mgongo wake mwenyewe uko hatarini. "Vumbi lilikuwa jingi, bwana," akasema. "Yawezekana alitangulia."

Bwana Mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe uliona?"

Hapa, msomaji, sogea karibu, maana hili sijapata kulisema mbele ya watu. Sikuona. Filimbi ilipolia nilikuwa nimemgeukia Hamisi. Alikuwa amesema jambo la kipuuzi kuhusu mchezo wa Jumapili ya nyuma, nami nilitaka kumjibu kabla halijapoa. Niliporudisha kichwa, vumbi lilikwisha kupanda. Mguu wa Ndahani sikuuona kabla ya filimbi, wala wakati wake, wala baadaye. Nilizua tu, nikazua tena, mpaka nikakaribia kuuamini mguu niliouzua.

Ningeweza kusema, "Bwana, sina hakika." Angenifukuza kwa dharau, Hamisi angenicheka mpaka jioni, na yangekwisha.

Nikasema, "Wallahi, bwana, nimeuona kwa macho yangu haya. Ulivuka shibiri nzima." Na hiyo shibiri nikaipima kwa futi pale sakafuni, nikamwonyesha!

Ndahani alikwisha kuletwa, amesimama mlangoni. Bwana Mkubwa akamwuliza, "Huyu fundi anasema kweli?"

Ndahani akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na ningependa angekasirika. Alikuwa akingoja. Alinipa muda wote ambao mtu angehitaji ili ajirudi. Mimi, ambaye kinywa changu hakijapata kufungwa tangu nianze kusema, nikakifunga.

"Huyu shemeji yangu," akasema polepole. "Ameoa dada yangu. Akisema ameona, ameona."

Bwana Mkubwa hakuhitaji zaidi. "Kiboko, hamsa ishirini," akasema, akaita shauri lingine.

Walimlaza uani. Mnajua kiboko, sina haja ya kuwaeleza. Ndahani hakutoa sauti. Aliyelia ni Hamisi, amekaa chini na birika lake, analia kama aliyefiwa. Na mimi? Laana iwe juu yangu! Wazo langu la kwanza, viboko vikiwa bado vinaendelea, lilikuwa hili: basi nimemshinda Hamisi.

Walimleta nyumbani kwangu, maana mjini hakuwa na ndugu mwingine ila dada yake. Akalazwa kifudifudi kwenye mkeka, mke wangu akampaka samli mgongoni, kidogo kidogo. Alipomaliza akanifuata barazani.

"Uliona?"

Nikaanza habari za mstari, na ombasha, na filimbi ya serikali.

"Sikuulizi filimbi. Uliona?"

Nikainama kwenye cherehani. "Sikuona," nikasema.

Hakupiga kelele. Alikwenda kufunga nguo zake. Ndahani alipoweza kutembea waliondoka pamoja kwenda Mvumi, naye Ndahani, kwa mgongo ule, aliniaga: "Ubaki salama, shemeji." Bado shemeji! Nilijifariji kwa neno hilo. Nilisema moyoni, maadamu ananiita hivyo, mke atarudi.

Na baraza, mnafikiri ilinisusa? Thubutu! Ilijaa. Watu walikuja kutoka mpaka kambini kumwona fundi aliyeshinda shauri kwa Mdachi. Wakaniletea maswali yao: kidole na kisigino, bega la hila. Wale wale waliomwamini Hamisi sasa wakadai hata wao waliona mguu ukivuka. Mmoja akasema ulivuka hatua nzima. Niliwatazama nikatamani kuwatemea mate, kisha nikakumbuka hao wote ni mimi. Mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku na boma. Walikuwa wanabishania kitu ambacho hakuna mtu angekicheza tena.

Mvua zilipokwisha, Ndahani akaja. Mbele yake anaswaga ng'ombe, nikawatambua: ndio niliowatoa mahari. Wote, na badala ya yule aliyekufa kwa ugonjwa watu wa kwao wameleta mwingine, mnono kumshinda. Kwa desturi yao wangeweza kubishana nami juu ya huyo. Hawakutaka kubaki na unywele wangu.

Baraza ilikuwa imejaa. Hamisi anamimina kahawa. Ndahani hakusimama pembeni. Alikuja moja kwa moja, akapanda barazani na viatu vyake vya ngozi, akakaa bila kuambiwa kaa.

"Mbukwa, fundi," akasema.

Fundi! Si shemeji tena.

"Ng'ombe wako hawa. Wahesabu. Dada yangu si mke wako tena. Mimi na wewe hatuna ukwe."

"Nimesikia," nikasema.

"Sasa naweza kusema." Akawageukia watu, mmoja mmoja, ili asiwepo asiyesikia. "Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya dada yangu. Mguu wangu haukuvuka. Nilingoja filimbi. Huyu ni mwongo."

Akainuka akaenda zake. Hakugeuka nyuma.

Na unajua mimi, mwenye akili, nilitaka kufanya nini? Nilitaka kumwita. Nilikuwa na jibu! Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliye kwenye safu hawezi kuuona mguu wake mwenyewe, kwa hiyo ushahidi wake haufai. Lilikuwa limefika ulimini. Hamisi alinitazama usoni, akaliona, akakusanya vikombe vyake vyote, hata vilivyokuwa mikononi mwa watu, na tangu siku hiyo anauza kahawa penginepo.

Basi ninyi mnaokaa kwenye baraza, mnaojua kila kitu cha wanaotoka jasho! Mkiulizwa mmeona nini, na hamkuona, semeni hamkuona. Mtachekwa, mtanuna, mtalala, kutakucha. Msiendelee kusema ili tu msinyamaze kabla ya mwingine. Huko mbele kuna mgongo wa mtu, na hautakuwa wenu.

Mimi neno hilo, "sikuona," nimelisema mara mbili. Nilimwambia mke wangu, nikiwa nimekwisha kuchelewa, na leo nimelisema hapa, bila jina. Ndahani hajui kusoma. Ningeweza kutembea mpaka Mvumi nikamwambie kwa mdomo. Nalijua hilo vizuri sana, na ndiyo sababu nimeandika.